Ana au hana

Dada aliteremka kwenye bajaji saa nane mchana akiwa na chupa ya chai, ndoo ndogo yenye mfuniko, khanga mbili na mkeka. Ukimwona mtu na vitu hivyo, humuulizi anakwenda wapi. Anakwenda kuuguza. Alikuwa ametoka Tanga na basi la saa kumi na mbili alfajiri, akashuka Mbezi, akaunga magari mpaka Tandika bila kutia kitu tumboni.

Mama alikuwa barazani anachagua mchele.

"Karibu mwanangu," Mama akasema, ungo magotini. "Kuna msiba?"

Dada hakumjibu. Aliweka ndoo chini, akaketi kwenye kizingiti, akalia kwa sauti ya chini, kilio cha mtu aliyekuwa amejizuia njia nzima. Aliponyamaza akanipa simu yake. Ujumbe wangu wa usiku, ambao niliutamka na simu ikauandika, ulikuwa bado uko wazi: "Mama ana homa nimempima tutaongea asubuhi". Chini yake zilipangana simu tisa alizonipigia. Kwetu umeme ulikuwa umekatika, na simu yangu ilizima dakika chache baada ya kutuma.

"Nilisema hana," nikamwambia.

"Inawezekana ulisema, mdogo wangu. Lakini kilichoandikwa ni ana."

Hakunilaumu. Alikula, akalala, kesho yake akarudi kwa sababu alikuwa amemwomba mwalimu mkuu siku mbili tu. Ni wiki sita sasa, na bado namwona pale kizingitini na ule mkeka.

Vidole

Baridi yabisi ilinianzia kwenye vidole vya kati, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Daktari alinieleza kuwa kinga ya mwili ndiyo inayoyashambulia maungio. Asubuhi ngumi haifungi. Sitaeleza zaidi ya hapo. Walio nayo wanajua, na wasio nayo nawaombea wasiijue.

Kila niliyemwambia kwamba siwezi tena kuandika alinijibu neno lile lile: si utume sauti tu?

Natuma. Lakini Dada ni mwalimu, mchana yuko darasani na watoto wasiopungua themanini. Ujumbe wa maandishi anautupia jicho, wa sauti unangoja mpaka jioni. Fundi anayenidai hela anataka kuona tarehe imeandikwa. Ofisi ya serikali ya mtaa haipokei sauti. Na mimi mwenyewe nimeishi kwa maandishi. Kuambiwa nitume sauti ni kama mtu aliyepoteza mguu kuambiwa akae tu nyumbani.

Kwenye mipangilio ya simu kuna sehemu imeandikwa Ufikivu, ya kuwasaidia wenye ulemavu kuitumia simu. Niliipita kwa zaidi ya miezi miwili bila kuifungua. Niliona ni ya watu wengine. Nimewahi kuviandikia vikundi vya watu wenye ulemavu barua za kuomba mikopo kutoka ile asilimia 2 yao iliyo ndani ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri; nikawa nawachapia, nawatakia kheri, wanaondoka. Kufungua ukurasa ule kulikuwa kukubali kwamba nami nimehamia upande wao wa meza.

Nilifungua siku niliyoshindwa kufungua mfuniko wa mafuta ya kula, nikaanza kuitamkia simu maneno nayo ikaandika. Sijui kwa nini ikawa siku hiyo.

Upande wa pili wa meza

Kwa miaka 14 nilikuwa na meza yangu kwenye steshenari karibu na soko la Tandika. Kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, benchi la wateja. Vijana walikuja na CV, wazee na hati za kuuziana viwanja, akina mama na katiba za vikoba. Wengi hawakuja na karatasi yoyote. Walikuja na maneno. Mtu anakaa, anakohoa kidogo, anaweka kofia magotini, anaanza: "Andika. Mimi fulani bin fulani, mkazi wa..."

Nami naandika. Wao wanasoma imla, mimi ndiye mwanafunzi.

Waliokuwa makini kuliko wote ni wale wasiojua kusoma. Kabla sijabonyeza kuchapa watasema: "Nisomee." Nikisoma wanafumba macho, na pale nilipokosea wanayafumbua. Hakuna aliyeweka dole gumba kabla ya kusomewa mwanzo hadi mwisho. Aliyesoma shule ndiye aliyekuwa akichukua karatasi, anaipitisha macho juu juu, anatia sahihi, na kesho anarudi kwamba jina la baba limekosewa.

Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa anauza kiwanja Chamazi. Tulifika kwenye kifungu cha muuzaji kutokuwa na mgogoro na mtu juu ya eneo lile. Kulikuwa na kelele za mashine, nikauliza: "Ana, au hana?" Mzee alinyanyua kidole cha shahada akakitikisa mbele ya uso wangu, kushoto kulia, kushoto kulia.

"Hana. Hata na mwanawe hana."

Agosti 2017, Google ilipoongeza lugha 30 kwenye uandikaji wake wa sauti, Kiswahili na Kiamhari zikiwamo, kijana wetu wa fotokopi alinionyesha kwenye simu yake. Kulikuwa na Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania, unachagua. Akasema "habari za asubuhi", na ikaandika habari za asubuhi. Nikamwambia ni vizuri, nikarudi kwenye kazi yangu kwa vidole kumi. Simu niliyonayo leo ni ya kampuni nyingine na kibodi yake ni nyingine, lakini mara nyingi nimeirudia asubuhi ile. Kitu nitakachokuja kukihitaji kilipita mbele yangu na sikukisogezea hata kiti.

Kusoma imla upya

Mwanzoni nilizungumza na simu kama mwalimu wa darasa la pili. Neno. Kituo. Neno. Kituo. Nilidhani naisaidia. Ikawa inaandika ovyo kuliko nilivyotarajia.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba programu hizi hazisikii neno moja moja kama linavyotoka. Zinakisia kwa kuangalia majirani: neno gani huwa linakaa na neno gani. Ukilitenga neno, umeliondolea mashahidi. Nikaanza kusema sentensi nzima kwa mwendo wa mazungumzo, na mambo yakabadilika siku ile ile. Kabla ya kubonyeza maiki nafunga mdomo kwanza, naipanga sentensi kichwani mpaka mwisho, ndipo nafungua. Wateja wangu wazee walikuwa wakifanya hivyo. Kule kukohoa kwao kwa mwanzo kulikuwa na kazi.

Mengine ni ya kuvumilia. Nikisema nukta, simu yangu inaandika neno nukta, kwa hiyo vituo naviweka kwa kidole, na siku mbaya siviweki kabisa. Ng'ombe anapoteza kialama chake cha juu. Majina ya watoto wa ndugu zangu yanatoka kama majina ya mitaa.

Ila fedha sivumilii. Elfu mia tatu ni laki tatu. Elfu na mia tatu haifiki hata elfu mbili. Ukimeza ile "na", au simu ikaimeza, umeahidi kitu kingine. Tarakimu zote za fedha naziingiza kwa kidole hata kikiuma, na namshauri kila anayeanza afanye hivyo.

Wewe na yeye

Baada ya Dada kuondoka nilichukua daftari nikaanza kuandika sentensi za kukanusha, moja baada ya nyingine, kwa kalamu, polepole. Nilitaka kujua hatari iko wapi hasa.

Sina, haina shida. Hakuna atakayesikia nina. Hatuna, hamna, hawana: zote zina silabi nzima ya kukanusha, ha, na hata ikipungua pumzi, neno lililobaki halifanani na tuna wala wana. Hasomi na anasoma yako mbali. Hajafika na amefika yako mbali zaidi.

Lakini hana na ana yametenganishwa na pumzi moja. Huna na una vivyo hivyo. Hatakuja na atakuja. Hutalipa na utalipa. Mahali hapo kukanusha kote kumebebwa na h peke yake, ile herufi ambayo wengi wetu tunaitamka tukikumbuka na kuiacha tukichoka. Ona tunavyoandikiana kila siku: ajafika, atuna, ana kwa hana. Hakuna anayepotea, kwa sababu tunajuana.

Kwa hiyo mimi niko salama, na sisi tuko salama. Hatari imewakalia wewe na yeye. Wale wawili ambao karibu kila ujumbe unaotoka nyumbani unawahusu.

Sasa weka "Mama" upande mmoja na "homa" upande wa pili, acha nafasi katikati, muulize yeyote aijaze. Nadhani hata binadamu angeandika ana. Watu huandika habari za homa iliyopo. Isiyokuwepo nani huitangaza?

Dawa niliipata kwenye lugha yenyewe, na nilifurahi kama mtu aliyeokota shilingi kwenye mfuko wa nguo ya zamani. Nilimkumbuka yule mzee wa Chamazi: *hata na mwanawe hana*. Hakukanusha mara moja. Alikanusha, akaweka na mlinzi. Hata ya namna hii hutaka kukanusha kuwe jirani yake. "Hana homa hata kidogo": h ikidondoka, inabaki "ana homa hata kidogo", na msomaji yeyote wa Kiswahili atasimama hapo na kuuliza. Au unageuza sentensi: "Homa hakuna." "Homa imeisha." Vinywa vya wazee vimejaa walinzi wa namna hii, na mimi nilipokuwa nawachapia nilikuwa nikiwapunguzia maneno ili barua iwe fupi.

Nilikuwa nawafutia kinga yao.

Ukuta usiofika juu

Kuna jambo ambalo sijalipatia dawa.

Nyumba yetu ni ya wapangaji, vyumba sita, ukumbi katikati. Kuta zetu hazifiki kwenye bati. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anasema pole. Tumeishi hivyo miaka mingi na siilalamikii. Ukuta huohuo mfupi ndio uliowaleta majirani usiku Mama alipoanguka bafuni.

Lakini maandishi yalikuwa chumba changu chenye dari. Ningeweza kukaa katikati ya ukumbi, watu wanabishana mpira, nikamwandikia daktari kwamba dawa mpya inanitapisha na hedhi yangu imevurugika. Ningeweza kumwomba rafiki mkopo huku anayenidai amekaa kiti cha pembeni. Vidole havikusikika.

Sasa kila ninaloandika nalitangaza.

Nimejaribu kunong'ona, simu haisikii mnong'ono. Nimejaribu usiku wa manane, na hapo ndipo nyumba inaposikia vizuri zaidi. Nimejaribu kujifunika khanga. Nimejaribu kwenda kuandikia barabarani, ambako sijulikani ila pikipiki zinaandikwa pamoja nami. Anayesomewa na simu anaweza kuvaa vifaa vya masikioni akabaki na siri yake. Anayeiambia simu hana cha kuvaa mdomoni.

Wiki ya tatu nilijikuta kuna ujumbe siandiki tena. Si kwamba umenishinda. Ni kwamba siwezi kuusema. Nimerudishiwa uwezo wa kuandika, lakini yale niliyokuwa nayaandika ili nisiyaseme yamebaki tumboni. Kwa hayo bado natumia kidole gumba, herufi moja moja, kwa dakika arobaini, kisha naloweka mkono kwenye maji ya moto. Naona inastahili.

Sauti ya kugawa

Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha Common Voice, mradi ambao Mozilla iliuanzisha 2017. Kiswahili kimo. Watu wanajitolea kusoma sentensi fupi kwa sauti zao, na watu wengine wanasikiliza na kusema kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Sauti hizo zinawekwa wazi bila malipo ili yeyote anayetengeneza programu ya kusikia Kiswahili azitumie.

Nilianza na kusikiliza, kwa kuwa kusikiliza ndiyo kazi niliyoizoea. Sauti inakuja, unatazama sentensi, unabonyeza ndiyo au hapana. Kijana wa Nairobi, nadhani. Mama mwenye mafua. Mtu mwenye jogoo nyuma yake. Nilikaa jioni nzima. Ilikuwa kama benchi la steshenari limerudi, wateja wamejipanga, tofauti tu ni kwamba siwaoni nyuso.

Kisha akaja mzee mmoja. Sauti nzito, ya taratibu. Sentensi iliyokuwa mbele yangu ilianza na neno hana.

Alisema ana.

Nilirudia. Ana. Nilirudia mara nne. Mara ya nne nikasikia kitu kidogo mwanzoni, ambacho huenda ni pumzi, huenda ni mimi niliyetaka kuisikia.

Maelekezo yanataka lafudhi tofauti zikubaliwe na maneno yaliyosomwa vingine yakataliwe. Hili ni lipi? Nikibonyeza hapana, namtoa yule mzee na wote wanaotamka kama yeye, na mashine itakua haijawahi kuwasikia. Nikibonyeza ndiyo, naifundisha kwamba ana na hana ni sauti moja, kisha kesho itamwandikia mtu mwingine homa asiyokuwa nayo, na dada wa mtu atapanda basi alfajiri. Tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, h hiyo iko kwenye vitabu vyetu vyote. Kwenye vinywa ni habari nyingine.

Kama angekuwa mezani kwangu ningenyanyua macho nimtazame kidole.

Niliiruka. Haikurudi tena, na nimejuta.

Siku iliyofuata niliamua kurekodi mwenyewe. Mama alikuwa pembeni anashona ukindu. Nikapata sentensi yenye hatakuwa, nikaisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi ya maneno miaka 14, kisha nikaisikiliza kabla ya kutuma.

Atakuwa.

Nikarekodi upya. Atakuwa. Nikamwita Mama asikilize, nikamwambia nimesema hatakuwa.

"Umesema atakuwa," Mama akasema, naye kwa kinywa kilekile, bila h hata moja. Alikuja Dar kutoka Masasi akiwa msichana, na Kiswahili changu nimekinyonya kwake. Dada alikipata huko huko, ila ubaoni alilazimika kuirudisha ile herufi.

Niliweka simu mezani. Kwa mwezi mzima nilikuwa naamini kwamba nilisema hana na mashine ikaandika ana. Sasa sikuwa na uhakika tena. Inawezekana simu ilikuwa ndiyo msikilizaji wa kwanza katika maisha yangu aliyenisikia kwa masikio peke yake. Wengine wote, wateja, majirani, ndugu, walikuwa wakinisikia huku wananitazama, wanaona kichwa kikienda kushoto na kulia. Mimi pia niliwasikia wao hivyohivyo. Yule mzee wa Chamazi huenda naye alisema ana. Nilichokiandika ni kidole chake.

Nimeanza kujifunza h. Mama ananicheka anaponisikia nikihema jikoni: hana, hatakuja, huna. Lakini sitaki kujifunza peke yangu. Siku ile nilisoma ile sentensi mara ya tatu nikijua kabisa inavyotoka, na nikaituma ilivyo, kwa kinywa cha Masasi na Tandika. Kuna mtu mahali fulani ataipata, atairudia mara nne, kidole chake kikiwa kati ya ndiyo na hapana. Namwomba asiiruke.

Juzi usiku Mama alisema mwili unauma. Nilimpima. Nikabonyeza maiki, nikapanga sentensi mpaka mwisho, nikasema: Mama hana homa hata kidogo, ni uchovu tu. Nikaiambia simu inisomee, nikafumba macho. Nikatuma.

Dada akajibu kwa neno moja na alama ya kuuliza: "Hana?"

Sikuandika. Nilimpigia, na alipopokea nikamwambia, "Hana, Dada. Hana," umeme umekatika, nimekaa ukingoni mwa kitanda, natikisa kichwa gizani.